Wanachuo wa Kulea

Benta Owino alipochaguliwa kuongoza chama cha huduma katika chuo cha ualimu, hakuna aliyempigia makofi kwa moyo. Wanachama walikuwa wamechoka. Kila Jumatano alasiri waliteremka kutoka chuoni hadi njia ya kwenda Keumbu, wakapaka chokaa mawe ya kando ya barabara, na kila mvua iliponyesha, wakarudia.

"Mwenyekiti," alisema Abner Makori, golikipa wa chuo na mtu wa mizaha, "tumeyapaka mawe chokaa mpaka mawe yenyewe yametuchoka."

Wote walicheka. Benta naye alicheka, ila maneno hayo hakuyasahau. Kesho yake alimwomba Mokeira, mwenzake wa chumba kimoja aliyezaliwa katika milima ya huko, amsindikize hadi kwenye mashamba ya kando ya njia hiyo. Benta alikuwa mtu wa ziwani. Ekegusii chake, yaani lugha ya wenyeji, kiliishia kwenye salamu.

Wakamkuta mama mmoja akichuma chai, mtoto mgongoni, mwingine ameketi ndani ya kikapu akilia kama anayefukuzwa. Jina lake Bitutu.

"Mama, sisi ni wanachuo," Benta alianza. "Tumekuja kuuliza, tuwasaidie nini?"

Bitutu hakuacha kuchuma. "Ninyi ndio wa mawe?"

"Ndio sisi, mama."

"Mawe yenu yanapendeza. Lakini mawe hayalii, mwanangu." Akafungua leso, akamtoa mtoto mgongoni na kumkabidhi Benta. "Ukitaka kunisaidia, nishikie huyu."

Hakungoja jibu. Aliingia katikati ya mistari ya chai, mikono yake ikienda mbio kama ya mpiga kinanda. Mokeira alimbembeleza yule wa kikapuni. Lori la kiwanda cha chai lilipopiga honi kule bondeni, Bitutu alikuwa ameshajaza kikapu chake cha chai, na hilo, alisema, halikuwa limemtokea tangu ajifungue.

Jumatano iliyofuata Benta aliwaeleza wenzake. Wavulana wakaguna.

"Nimesomea ualimu niwe yaya?" aliuliza Fred, mmoja wao.

"Mwalimu asiyeweza kunyamazisha mtoto mmoja," Benta alimjibu, "atawaweza arobaini?"

Wakaenda. Kanisa liliwaazima banda lake, akina mama wakaleta watoto, na kwa muda kilio kilikuwa kimoja tu, kirefu, cha kutisha. Kisha Abner akapanda juu ya benchi akawika kama jogoo. Kimya. Akawika tena. Mtoto mmoja akacheka, wote wakaangua kicheko. Baadaye kichanga kimoja kililowesha tai mpya ya Abner, naye akatangaza kwamba amebatizwa. Siku hiyo hata Fred alirudi chuoni akiimba nyimbo za kitoto.

Basi ikawa furaha, na pengine furaha ndiyo iliyowalevya. Jumatano moja kulikuwa na mechi dhidi ya chuo kingine. Wanachama wote walibaki chuoni, Abner golini, wengine wakishangilia. Hata Benta alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyekumbuka kuwatumia akina mama habari.

Asubuhi yake Benta alikwenda kwa Bitutu.

"Tuliwangoja mlangoni pa banda," Bitutu alimwambia bila kupandisha sauti. "Tulikuwa tumewaahidi watoto kwamba mtakuja. Mvua ikatukuta hapo hapo, na chai ikabaki shambani."

"Tusamehe, mama."

"Nimesamehe. Ila msaada wa leo upo, kesho haupo, heri usianze kabisa. Mtu akikosa fimbo tangu mwanzo, hujifunza kutembea bila fimbo."

Maneno hayo Benta aliyapeleka mkutanoni kama alivyoyapokea. Kisha Abner akasimama, safari hii bila mzaha.

"Mechi ya marudio ni Jumatano ijayo," alisema. "Tafuteni golikipa mwingine."

Chuo kilifungwa mabao matatu, na Abner aliulizwa kila kona kwa nini aliwaacha wenzake. "Nilikuwa na watu wananingoja," alijibu, akapita zake.

Tangu hapo waligawana zamu, na asiyeweza kwenda alimtafuta wa kushika nafasi yake. Likizo ilipokaribia Benta aliingiwa na wasiwasi: nani atalea watoto wao wakiwa makwao? Aliwaeleza akina mama mapema. Walijadiliana kwa Ekegusii, kwa kirefu, wakicheka, wala Mokeira hakutafsiri kitu. "Nendeni salama," ndilo neno pekee walilopewa.

Muhula ulipofunguliwa waliteremka mbio. Banda lilikuwa limefagiwa, mkeka umetandikwa, na bibi mmoja aitwaye Nyamusi ameketi kati ya watoto kama malkia. Akina mama walikuwa wamepokezana zamu likizo nzima.

Benta alisimama mlangoni, nusu akifurahi, nusu akijiuliza kama bado wanahitajika. Bibi Nyamusi hakumpa nafasi ya kuwaza.

"Mmechelewa!" alisema, akimwonyesha Abner kidole. "Wewe mrefu, nawa mikono, huyu anataka uji. Na wewe, msichana wa ziwani, inama nikufunge huyu mgongoni."

Benta akainama.