Cheche Chini ya Blanketi

Habari hii nimeipata kwa mjukuu wangu, yule msusi, Jumapili iliyopita alipokuja kunitazama. Alinikalisha kigodani anichane nywele, na kwa kuwa mikono yake haijui kufanya kazi mdomo ukiwa umefungwa, akanieleza yote kuhusu gari la baba mkwe wake. Naiandika kabla haijanitoka.

Baba mkwe huyo ni dereva mstaafu. Ana gari lake la zamani, la taa za mviringo na usukani mkubwa kama ungo, na kwa miaka lilikaa bandani. Ukizungusha ufunguo linakohoa, linatikisika, halafu kimya. Sasa banda hilo mjukuu wangu alikuwa analitaka kama nini! Wateja wake anawasukia barazani. Mvua ikinyesha wanabanana sebuleni, jua likiwaka wanahama na vigoda vyao kufuata kivuli. Mume wake, fundi bomba, alikwisha kumwahidi: gari likiondoka, banda ni saluni.

Basi asubuhi moja, kabla ya kwenda kazini, mume akamwambia baba yake, "Baba, tulikubaliana. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja leo jioni. Likiwaka kabla hajafika, libaki. Lisipowaka, anaondoka nalo."

"Litawaka," mzee akasema.

"Mwaka jana pia ulisema litawaka."

"Kwani nilitaja mwaka?"

Mume akacheka, akaenda zake. Mzee akavaa ovaroli.

Hadi mchana alikuwa amesafisha plagi zote, amesugua platinamu, zile ncha za kupitishia umeme, kwa msasa, na betri ilikuwa imetoka kuchajiwa. Gari likakohoa tu. Mjukuu wangu alikuwa barazani anamsuka nesi mmoja, kichwa kimefika nusu. Kila gari lilipokohoa likanyamaza, anasema, moyo wake ulifurahi, halafu ukaona haya kwa kufurahi.

Mara mzee akatokea, mikono myeusi ti. Akasimama mbali kidogo, kama anavyosimama siku zote akizungumza na mkwewe.

"Mama, una nafasi kidogo?"

"Ninayo, baba."

"Naitafuta cheche siioni. Macho yangu yana ukungu, na jua hili linameza kila kitu. Ingekuwa gizani ungeonekana moto unapopotelea."

"Si msubiri usiku?" nesi akadakia.

"Usiku litakuwa limeshabebwa."

"Basi jifunikeni blanketi."

Mkwe na baba mkwe, blanketi moja! Mzee akatazama viatu vyake. Mjukuu wangu akatazama kitana. Nesi akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Jamani, nimesema nini mimi! Mmoja mmoja! Mama ajifunike huko mbele, baba ukae kwenye usukani!"

Hapo wote wakapumua. Blanketi likaletwa, mzee akalitandika juu ya boneti iliyoinuliwa, akalikunja vizuri mbali na feni, akamwonya mkwewe asiguse kitu chochote. Mjukuu wangu akaingiza kichwa. Nesi naye akasogea na nusu yake ya nywele, nusu nyingine imesimama kama jogoo aliyeshtuka.

"Unaona nini?" mzee akaita.

"Giza, baba."

"Nazungusha sasa!"

Gari likakohoa. Na hapo hapo mjukuu wangu akaiona. Kitu cha buluu kinaruka kutoka kwenye waya kwenda kwenye chuma, ta ta ta, kama cherehani inayoshona.

Akabaki na kichwa ndani ya blanketi.

Ilikuwa kazi ndogo tu kusema, "Sioni kitu, baba," na jioni ile ile angefagia banda lake. Nani angejua? Kioo angekiweka huku, beseni kule.

"Umeona lolote, mwanangu?" mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia mgonjwa wake wodini.

"Nimeona," akasema. "Cheche inaruka kwenye ule waya mnene wa katikati, unaotoka kwenye kikopo."

"Waya wa koili!" Mzee nusura ang'oe mlango akitoka. "Moto wote unamwagikia njiani, na mimi nausubiri kwenye plagi kama bwege!"

Kweli, mpira wa waya ulikuwa umepasuka kwa chini, pale ulipolalia chuma. Wakakata tyubu ya baiskeli, wakauzungushia mara nyingi, wakaufunga kwa uzi wa kusukia ukae mbali na chuma hadi upatikane mwingine. Mzee akarudi kwenye usukani. Safari hii gari halikukohoa. Lilinguruma! Moshi ukajaa uani, nesi akaruka juu akipiga vigelegele.

Mume aliporudi na mnunuzi wa vyuma alikuta baba yake anazunguka mtaa mzima, honi juu, nesi kiti cha nyuma anapungia watu kama mheshimiwa. Mnunuzi akavunjika mbavu, akaomba na yeye azungushwe.

Mume akamgeukia mkewe. "Kumbe wewe ulikuwa upande gani?"

"Niache," akajibu, akajikaza kisabuni asilitazame banda.

Lakini mzee aliporudi hakuingia bandani. Aliliegesha gari ukutani, nje, akazima.

"Baba, umepita banda," mume akasema.

"Nililiweka ndani kwa kuwa halitembei. Linalotembea lina kazi gani bandani? Fagia humo, mama. Ukimaliza, nitakuchukulia kioo mjini mwenyewe."

Nesi akamaliziwa nywele zake humo humo bandani, harufu ya oili ikiwa bado mbichi.

Walipokwisha kula na kuzima taa, gari likasikika likiwaka uani. Likazimwa. Likawaka tena.

"Baba!" mume akaita dirishani. "Tumeamini!"

"Nahakikisha tu!"

Akahakikisha mara moja ya mwisho, akaingia chumbani kwake, na muda si muda akawa anakoroma. Mume naye akaanza kukoroma. Akabaki mjukuu wangu, macho darini, akijiuliza kioo akiweke ukuta wa mlangoni au wa dirishani. Kabla hajaamua, usingizi ukamchukua.