Saluti kwenye Lango la Makaburi

Kila nikienda dukani siku hizi lazima mtu anishike mkono. "Elma, mumeo aliagwa kifalme," wananiambia, na machozi yanawalengalenga. Naitikia, nachukua maziwa yangu, naondoka. Sina nguvu ya kugombana na watu wazima mbele ya friji la nyama. Lakini walichokiona siku ile hakikuwa heshima. Ilikuwa pampu inakufa, na mume wangu ananyimwa kaburi.

Tauno aliendesha lori la kusukuma theluji la kata yetu tangu hatujaoana. Huku kwetu, upepo ukivuka ziwa kubwa lililo jirani, theluji inafika madirishani, na mpaka lori lipite hakuna mtoto anayekwenda shule wala mgonjwa anayefika hospitali. Watu walilisifia bamba, kile chuma kikubwa cha mbele kinachosukuma. Hata walilipaka rangi ya chungwa likang'aa. "Wanapaka bamba rangi," Tauno alikuwa akisema, "hakuna anayeinama kuangalia pampu." Pampu ndiyo inayosukuma oili kwenye silinda, na oili ndiyo inayonyanyua bamba. Ikigoma, una chuma kizito kimelala chini na lori lisilo na kazi.

Kila vuli kabla ya baridi kushika alimwaga oili ya kiangazi, kwa sababu maji hujificha ndani yake na yakiganda yanaziba njia. Alitia oili nyepesi ya baridi na filta mpya. Asubuhi aliwasha injini, akaiacha ingurume taratibu, akarudi ndani kunywa kahawa. Hakugusa mkono wa kunyanyulia bamba mpaka sauti ya pampu itulie. "Ukisikia kama inasaga kokoto, ujue inameza hewa," aliniambia. "Ukiilazimisha itajitafuna." Nimeyasikia hayo maneno mpaka nikawa nakoroga uji huku nayatamka.

Jambo la pili aliloniachia lilikuwa kubwa zaidi. Kwetu anayefariki ardhi ikishaganda hazikwi. Analazwa kwenye chumba cha mawe chini ya kilima, mlango wa chuma unafungwa, anasubiri theluji iyeyuke. Mama yake Tauno alifariki katikati ya majira ya baridi, Tauno akiwa mdogo, na njia ya shule ilipita hapo hapo. "Nilikuwa namsalimia kila asubuhi, Elma," aliniambia. "Nilijua anasikia baridi, na mimi sina la kumfanyia." Madaktari walipomwambia mapafu yamekwisha, hakuniomba dawa. Aliniomba nisimtie mle. Nikamwahidi.

Vuli hiyohiyo pampu ya zamani ilichoka. Verner, mdogo wake, ndiye msimamizi wa barabara za kata. Alikuja jikoni kwetu na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Shemeji, kahawa ipo? Kaka, nimepata pampu. Kubwa mara mbili ya ile. Bamba litaruka!"

"Mpira wa kufyonza oili umebadilisha?" Tauno aliuliza. "Na tangi?"

"Vya nini? Vile vilivyopo ni vizima."

"Verner, nisikilize. Pampu kubwa inataka oili nyingi. Ule mpira mwembamba hautaishibisha, na oili ikiwa nzito kwa baridi ndiyo kabisa. Itafyonza hewa. Angalia silinda zinataka kiasi gani, nunua inayolingana."

"Wewe lala, kaka, upone. Hujui Duane anavyotucheka pale mpakani."

Hapo ndipo penye kiini. Madereva wa kata mbili wakikutana mpakani hunyanyuliana mabamba kusalimiana, kisha kila mmoja anageuza. Kata ya jirani walikuwa na lori jipya na bamba lao lilipanda mara moja. Letu lilijiinua kama mzee anayetoka kitini. Duane, dereva wao, alikuwa akipiga kelele kwenye redio ya lori: "Mwamsheni huyo babu!" Lori letu lilisafisha barabara zote bila shida, lakini Verner hakulala kwa sababu ya salamu.

"Duane atakucheka vizuri zaidi Januari," Tauno alisema.

"Kaka jamani! Umeanza kuionea pampu wivu?"

Tauno alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na pampu ikafungwa kama Verner alivyotaka.

Januari Tauno alifariki. Nilimwambia Verner nataka ardhi, sitaki mlango wa chuma. Haki yake nampa: hakubisha. Yeye na vijana wake waliwasha mkaa chini ya mabati juu ya kilima, wakaukoleza mpaka udongo ulioganda ukalegea, wakachimba kaburi zuri lililonyooka. Alilia mbele yangu. "Njia nitamfungulia mimi mwenyewe, shemeji. Utamzika mumeo."

Asubuhi ya mazishi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nikiwa mlangoni mwa kanisa nilisikia lori linawashwa, na ndani ya mngurumo nikasikia kokoto. Nilikwenda mpaka dirishani kwake.

"Verner, pampu inalia. Iache ipate joto kwanza."

"Shemeji, leo usihangaike na mambo ya lori."

"Inameza hewa. Naisikia."

"Ingia garini, dada yangu, utapata mafua. Watu wanasubiri."

Kweli walikuwa wanasubiri, kata nzima, na hata Duane alikuja na lori lake akaliegesha nyuma ya kanisa. Verner alitangulia, gari la maiti likafuata, mimi nyuma yake na Mchungaji Lahti. Kilima tulikipanda vizuri. Theluji ilimwagika pembeni na nikaanza kuamini. Tulipofika kwenye lango la makaburi nililiona kaburi, na bati lake likitoa moshi kidogo. Kilichobaki ni kijia kifupi cha ndani, asukume mara mbili tatu, tumalize.

Verner akasimama. Nilijua anataka kufanya nini kabla hajafanya, na nilisema kwa sauti, "Usithubutu," lakini vioo vilikuwa vimefungwa. Alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, bamba likaruka juu mpaka mwisho, ile salamu ya mpakani. Liliruka, sikatai. Akalishikilia hapo juu, mkono hauachii, injini inapiga kelele, na pampu inalia kilio ambacho Tauno angekisikia akaruka kitandani. Kisha kitu kikapasuka, na chini ya injini kukawa kimya.

Bamba likaanza kushuka lenyewe. Lilishuka polepole, kwa adabu, mpaka likauma changarawe katikati ya nguzo za lango. Wanaume wakavua kofia. Duane akaweka mkono kifuani.

"Limemwinamia," mwanamke mmoja alisema nyuma yangu. "Jamani, mpaka chuma kimemwinamia."

Wakalia wote. Na mimi nililia, kwa hasira.

Verner alivuta mkono wa bamba, akausukuma, akauvuta tena. Lori lingeweza kurudi nyuma huku likiliburuza bamba, lakini kwenda mbele kwenye theluji ya kifuani bila kunyanyua bamba, haiwezekani. Duane alijitolea, akageuka ashuke kulileta lake. Hapo hapo upepo wa ziwani ukafika, na redio yake ya mkononi ikamwita: barabara ya hospitali inazibika. Alinitazama mimi kwanza. Nikamwambia aende, maana Tauno naye angekwenda. Wabebaji sita walijaribu kulipitisha jeneza kwa miguu. Walizama mapajani, mmoja akaanguka, jeneza likapiga ubavu kwenye nguzo ya lango. Nikawaambia basi.

"Mama Elma," Mchungaji alisema, "tumshushe chini mpaka theluji iyeyuke."

Verner alikuja akiwa na oili mpaka kwenye viwiko. "Nilitaka kumpa heshima, shemeji."

"Heshima yake ilikuwa hapo mbele, Verner. Ulikuwa unaiona kwa macho."

Tukamshusha. Nilisikia komeo la mlango wa chuma likiingia.

Baadaye, kwenye chumba cha chini cha kanisa, tulikunywa kahawa na mkate wa iliki, na watu wakapanga foleni. Hawakupanga kwangu. Walipanga kwa Verner, kumpongeza kwa ile saluti na jinsi alivyoliinamisha lile bamba taratibu. Nilimtazama nikingoja aseme neno moja la kweli. Alinitazama, akatazama kikombe chake.

"Kaka alistahili," akasema. "Asanteni."

Kaburi lilijaa theluji siku ileile. Lori limetengenezwa, wamefunga pampu ndogo, ya kiasi alichokisema Tauno jikoni kwangu, na bamba linajiinua polepole kama zamani. Upepo unauzika mlango wa chuma kila usiku, kwa hiyo asubuhi nachukua beleshi langu nakwenda kuufukua. Verner hupita, husimama, hushusha kioo.

"Shemeji, ngoja nikusaidie. Ni kusukuma mara moja tu."

"Pita, Verner."

Hupita. Mimi nachota theluji mpaka nakifikia chuma, nakifuta kwa glovu, namsalimia Tauno kama alivyokuwa akimsalimia mama yake, na ninamwambia, "Bado."