Mdhamini wa Gari la Denitra

Jumamosi moja Denitra Pettigrew alikuwa jikoni kwake, mtaa wa Orange Mound, mjini Memphis, Marekani, anakaanga kambare, na baba yake, mzee Lavelle, alikuwa barazani anamenya kunde. Mzee Lavelle alikufa kwa ugonjwa wa moyo majira ya baridi yaliyopita, akazikwa na suti yake ya kahawia. Alirudi majira ya kuchipua, siku moja baada ya binti yake kuandikishwa kwenye Kumi na Tatu.

Kumi na Tatu, yaani sura ya kumi na tatu ya sheria ya kule, ni ile aina ya kufilisika ambamo mtu hanyang'anywi kitu chake. Mahakama inamkata mshahara kabla haujamfikia mkononi, miaka mitano mfululizo, na wanaomdai wanakatazwa kumgusa. Wanakatazwa pia kumgusa aliyemdhamini. Lavelle ndiye aliyemdhamini Denitra kwenye gari. Amri ilisema mzee huyo asisumbuliwe na yeyote mwenye madai juu yake, na kifo, kwa kuwa kilikuwa kimeshamchukua, kilihesabiwa miongoni mwa wadai hao. Basi kikamwachia. Karani wa mahakama alimweleza Denitra hivyo huku akitafuna bigijii, akaita mtu wa pili kwenye foleni.

Ipo aina nyingine, Saba. Kwenye Saba unatoa kinachouzika, unasamehewa, mnaachana. Ndiyo iliyomfaa Denitra tangu mwanzo. Lakini wakili wake, Crandall Teague, kwa Saba alitaka pesa taslimu mezani, na kwa Kumi na Tatu hakutaka hata senti mlangoni, kwa kuwa ada yake ilikatwa humohumo kwenye mshahara, tena yeye wa kwanza. Kwa hiyo asiye na pesa aliuziwa dawa iliyo ghali zaidi, kwa sababu hana pesa. Ni jambo la kutia kinyaa. Bango la Teague lilikuwa kubwa kuliko paa la kanisa, na meno yake yalikuwa meupe.

Denitra hakulalamika. Alikatwa mshahara, akarudi nyumbani akamkuta baba yake barazani, akaona yeye na mahakama wamelipana. Jirani yake, Bi Earline, alikuwa na mume wa namna hiyohiyo, aliyedhamini makochi, na jioni wale wazee wawili walicheza domino na kutukanana kama zamani.

Kisha ghala la vifurushi alikofanya kazi likapunguza zamu. Mshahara ukawa mdogo, makato yakabaki yaleyale. Maji yalipomfika shingoni akarudi kwa Teague, aliyekuwa anakula mkate wa nyama ya nguruwe, mchuzi unamchuruzika hadi kwenye saa.

"Bi Denitra, unajiua bure," alisema. "Tukuhamishe Saba. Deni lote kwisha habari yake."

"Na gari?"

"Gari litaenda."

"Na baba?"

Teague alilamba kidole gumba, akalamba na cha shahada. "Baba ni mdhamini. Saba haina mambo ya wadhamini."

"Maana yake nini?"

"Maana yake weka saini hapa. Ada nitachukua kwenye kodi ya mapato utakayorudishiwa na serikali."

Denitra hakuweka saini siku hiyo. Alikwenda kumuuliza baba mwenyewe, wakati anamkata kucha.

"Nitra, mwanangu," mzee Lavelle alisema, "kufa nimeshakufa. Sikuumia sana. Utafanya kazi mpaka lini kwa ajili ya mtu wa kumenya kunde? Weka saini upumzike."

"Nitakukosa, baba."

"Si ulishanikosa? Kaburi unalijua lilipo. Usisahau kung'oa magugu tu."

Wote wawili walidhani hivyo: kwamba ulinzi ukiondoka mzee atarudi alikotoka, kwa amani, na suti yake. Mtaani pale kila mtu angedhani hivyo. Teague alijua vingine, lakini hakuulizwa, na yeye kwa maneno alikuwa anatoza kwa saa. Denitra alilia usiku kucha, asubuhi akapiga moyo konde, akahamia Saba.

Lori la kukokota lilikuja mapema. Likachukua gari, na baada ya chakula cha mchana likarudi kuchukua mdhamini. Hoyt Lassiter, mwenye yadi ya magari aliyemkopesha Denitra lile gari, alikuja mwenyewe. Alimbonyeza mzee mkono juu ya kiwiko kama mtu anayechagua parachichi.

"Gari nimeliuza mnadani kwa bei ya kutupa," alisema. "Deni lililobaki ni la huyu."

"Mwache arudi makaburini," Denitra alisema.

"Makaburini ataniingizia nini, dada yangu?"

Mzee Lavelle aliomba avae kofia. Akaruhusiwa.

Lassiter akampanga kando ya barabara kuu, mbele ya yadi, amevalishwa vazi la sponji lenye umbo la ufunguo mkubwa, uso unachungulia kwenye tundu. Mikononi alishika ubao ulioandikwa: MALIPO YA AWALI SIFURI, NJOO ULIVYO. Kazi yake ilikuwa kuuzungusha ubao na kucheza. Maiti hahitaji maji wala kivuli, kwa hiyo hakupewa. Julai ilipoingia, sponji ikaanza kunuka, nzi wakajaa kwenye lile tundu, na mzee hakuweza kuwafukuza kwa sababu mikono ilikuwa na ubao. Ujira wake ulikwenda kwenye riba. Riba ilikuwa kubwa kuliko ujira, na kila Ijumaa alidaiwa zaidi kuliko Ijumaa iliyotangulia.

Denitra alimpita akiwa kwenye basi, kwenda kazini na kurudi. Barua ya msamaha ilikuja: hadaiwi na mtu yeyote duniani. Wenzake ghalani walimletea keki. Aliikata, akawagawia wote. Mwalimu wa kwaya kanisani alimpongeza kwa kuanza upya, akamwomba asimame atoe ushuhuda. Alisimama, akasema Mungu ni mwema, akakaa.

Siku moja basi lilisimama kwenye taa, mbele kabisa ya ile yadi. Mzee Lavelle alitazama dirishani, akamwona binti yake, akacheza kwa nguvu zaidi, kwa sababu Lassiter alikuwa mlangoni anamwangalia. Denitra alibonyeza kengele akashuka.

"Nataka gari," alimwambia Lassiter.

"Umetoka juzi tu kufilisika. Nani atakudhamini?"

Denitra alionyesha barabarani kwa kidevu.

Lassiter alicheka mpaka akashika mlango. Alimtolea gari lililozama kwenye mafuriko, linalonuka tope na panya, akalitia bei ya jipya, na deni la zamani la mzee akalibebesha humohumo. Mzee Lavelle akaletwa ndani na ufunguo wake wa sponji. Saini yake ilikuwa inatetemeka lakini ilisomeka.

Kutoka hapo Denitra aliliendesha lile gari moja kwa moja hadi kwa Teague.

"Kumi na Tatu," alisema.

"Karibu tena nyumbani!" Teague alisema. "Ila safari hii hakuna msamaha, Bi Denitra. Ni mapema mno. Utalipa hadi senti ya mwisho. Ulinzi tu ndio utakaopata, wewe na mdhamini wako."

"Najua."

"Basi hakuna shida. Na leo hunilipi kitu."

Jioni ya kesho yake baba yake alipanda ngazi za baraza. Denitra alimvua sponji akaitia kwenye pipa la taka, akamsugua shingo kwa sabuni na maji ya moto, nzi waliokufa wakidondoka kwenye sinki. Kisha akampakulia kunde.

"Umefanya nini, Nitra?"

"Kumi na Tatu."

"Ulikuwa umeshatoka, mwanangu. Ulikuwa huru."

"Ndiyo, baba."

"Miaka mingapi?"

"Mitano."

Mzee Lavelle alikoroga kunde kwa kijiko, hakula. "Na ikiisha?"

"Wakili anasema ikiisha tununue gari lingine."

Mzee aligeuka, akatema mate kwenye sinki, kisha akauliza kama kuna mkate wa mahindi.