Mfuko wa Mama wa Jaji

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofunguka, Tsonka aliuona mrija uliotoka kifuani mwa mwanawe Plamen. Chupa ya pili ilikuwa inakaribia kujaa, na damu bado nyepesi, haina hata dalili ya kuganda.

"Moyo tumeutengeneza vizuri," alisema Daktari Velev huku akivua kofia. "Tatizo ni damu. Mashine imeizungusha nje ya mwili masaa mengi, chembe za kugandisha zimechakaa. Anahitaji za watu wengine. Umeleta watu?"

Alikuwa amewaleta. Majirani wanne walikaa kwenye benchi, viatu vimejaa udongo wa makaburini. Ilikuwa Jumamosi ya Wafu, siku ya kula na kunywa makaburini kuwakumbuka marehemu, na alfajiri Tsonka mwenyewe aliwamiminia mvinyo kando ya kaburi la mumewe, akawahimiza wanywe kwa afya ya kijana. Kwani nani alimwambia wasinywe? Hakuna.

Nesi aliwanusa tu. "Ebo! Mmekuja kutoa damu au mvinyo?"

"Huyu ndiye aliyeniongezea, dada," alisema mzee Gancho, akimwonyesha Tsonka na kucheka. "Nilikataa, akaninunia." Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Tsonka alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipoinua macho, aliona nyuma ya kioo mfuko wa maji ya manjano, umelala kwenye sinia linalotikisika lenyewe.

"Si ndizo hizo chembe, daktari?"

"Hizo ni za mama yake jaji. Anapasuliwa Jumatatu."

"Jumatatu! Na mwanangu anavuja sasa hivi!"

"Mama, usinipigie kelele. Jaji kaleta watu wake juzi, wazima. Wako umewalewesha mwenyewe. Sasa mimi nikagombane na jaji kwa ajili ya mvinyo wako?"

Tsonka aligeuka. Benchi zima lilikuwa linasikiliza.

"Samahani, daktari," alisema. "Nisamehe sana."

"Katafute wengine. Wasiokunywa."

Nje, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini kwa makundi. Tsonka akamshika mkono mtu wa kwanza aliyemfikia, mwanamke aliyebeba bakuli la ngano ya kuchemsha, akampelekea pua mdomoni. Mwanamke akamsukuma, akimwita mwendawazimu.

"Samahani," alisema Tsonka, akamfuata aliyekuja nyuma yake, naye akamnusa.