Maji ya Kitanda cha Saba

Jumatatu tarehe kumi na mbili Februari 1979, saa mbili asubuhi, Mama Alphonsine aliingia hospitalini kwa mlango wa nyuma. Kichwani alibeba mkeka uliofungiwa sufuria, mbabula na makaa yake, sahani mbili na shuka, kwa sababu hospitali ilitoa kitanda tu, na mengine yote mgonjwa alikuja nayo. Mumewe alikuwa mbele yake, amelazwa katika kigari ambacho majirani walikitumia siku nyingine kubebea mihogo.

Mume aliitwa Cyrille Kahozi na kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua mabehewa kwenye stesheni ya Kalemie. Kwenye karatasi ya hospitali aliandikwa Kahozi peke yake. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa maofisini kwa miaka saba, hivyo Cyrille alibaki mlangoni na Kahozi akaingia ndani, akapewa kitanda cha saba katika chumba cha tatu cha wanaume.

Kipindupindu kilikuwa kimefika mjini majuma matatu kabla, kwa njia ya ziwa, kama vilivyofika vitenge vya Kigoma. Ziwa lenyewe lilionekana kutoka dirishani. Lilikuwa limejaa, na hakuna aliyewahi kulipima likafika mwisho. Lakini robine, yaani mabomba ya mji, zilikauka tangu 1973, pampu ya kuvuta na kusafisha maji ilipoharibika, na tangu hapo watu walichota ufukweni, palepale walipofua na walipojisaidia. Maji ya ziwa ndiyo yaliyomlaza Cyrille. Siku mbili zilitosha kumkausha mtu aliyekuwa akiinua cheni ya behewa kwa mkono mmoja. Macho yalizama, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilibaki imesimama kama kitambaa.

Muuguzi alimweleza Alphonsine kwamba serumu za kutundikia wagonjwa zilikwisha Alhamisi iliyopita. Akamshauri achemshe maji safi, atie chumvi na sukari, amnyweshe mgonjwa kidogo kidogo. Alphonsine akauliza maji safi yako wapi. Muuguzi akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana ambacho Cyrille hakukigusa, Alphonsine alipiga magoti kwenye saruji kando ya kitanda. Alikuwa Mkristo wa sala fupi. Alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba Mungu ana watu wengi wa kusikiliza, hivyo mtu aseme shida yake apishe wengine.

"Bwana," alisema, "muntu wako huyu amekauka. Umutilie maji."

Akasema amina, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuchambua mchele. Kabla hajamaliza, nguo yake ililowa. Maji yalikuwa yakitoka kwenye saruji chini ya kitanda cha saba, kati ya miguu miwili ya nyuma, bila ufa na bila kelele, meupe na ya baridi. Yalitambaa hadi kitanda cha sita na cha nane. Muuguzi alipoingia alitazama sakafu.

"Munyanyue viatu," aliwaambia wagonjwa.

Kisha akaleta beseni.

Alphonsine alichemsha maji hayo, akatia chumvi na sukari, akamnywesha mumewe kwa kijiko hadi jua lilipozama. Kesho yake Cyrille alikojoa, na chumba kizima kikamshukuru Mungu kwa hilo. Keshokutwa aliomba ugali na samaki wa mikebuka. Kwa kuwa beseni halikuisha, wagonjwa wengine pia walinyweshwa, na katika wanaume kumi na saba wa chumba cha tatu alikufa mmoja tu, mzee aliyekuja amechelewa.

Daktari mkuu alikuwa mtu wa utaratibu, akataka kujua maji ni ya nani. Alihamisha kitanda cha saba hadi chumba cha kwanza na kumlaza mwingine juu yake, na saruji ikakauka. Alimlaza Cyrille kwenye kitanda cha pili, na maji yakatoka chini ya kitanda cha pili. Cyrille akiketi, yalipungua. Akisimama, yalikatika. Daktari aliandika hayo yote kwenye daftari, akamrudisha Cyrille kwenye kitanda chake na kuamuru shimo lichimbwe ukutani, bomba lipite, na robine ifungwe upande wa nje kwa ajili ya watu wa mji. Jioni hiyohiyo mstari wa bido za kuchotea na ndoo ulifika barabarani.

Baada ya juma moja Cyrille alikuwa mzima kabisa. Hata alinenepa kidogo. Asubuhi ya Ijumaa alivaa suruali yake, Alphonsine akafunga mkeka, sufuria na mbabula, na binti yao mkubwa Denise, wa miaka kumi na sita, akaja kuwasaidia mizigo. Nje, robine ilikauka mara Cyrille alipoinuka, na manung'uniko yakaanza kusikika kupitia dirisha.

Daktari mkuu alikuja mwenyewe. Hakukasirika.

"Papa Kahozi, umepona," alisema. "Mimi sikufungi. Mulango uko wazi."

Na kweli ulikuwa wazi. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke kijana aliyekuja kuuliza kwa nini maji yamekatika. Mgongoni alibeba mtoto wa miaka miwili hivi, kichwa kimelala begani kwake, macho yamezama. Mkononi alishika kikombe kitupu. Alingoja tu, kama mtu anavyongoja behewa lipite.

Cyrille alimtazama mkewe. Tangu siku ya kwanza Alphonsine alikuwa akingoja asubuhi hii. Nyumbani alikuwa ameacha watoto wawili wadogo kwa dada yake, na shamba la mihogo bila palizi. Alitazama mtoto mgongoni, na aliijua ile ngozi. Akaushusha mkeka.

"Lala kwanza, Papa Denise," alisema.

"Mupaka lini?"

"Mupaka hawa wapone."

Cyrille alivua viatu, akalala. Mwanamke akarudi nje na kikombe chake, na mara mlio wa maji ukasikika ndani ya ndoo. Mtoto yule alipona. Watu walimtaja kwa miaka mingi, ingawa hakuna aliyemkumbuka jina.

Kipindupindu kilipungua mwezi wa tano. Mwezi wa sita mvua zilikoma, ziwa likatulia, na Cyrille akavaa suruali tena. Lakini kufikia hapo mkuu wa maji wa mji alikuwa amekwisha kupeleka simu ya maandishi Kinshasa kueleza kwamba Kalemie sasa ina maji. Hakusema uongo. Pampu mpya, iliyoombwa kwa miaka sita, ilikuwa njiani wakati huo, juu ya behewa, imefika stesheni ya Kabalo. Amri ikatoka kwamba isipotezwe kwa mji usio na shida. Aliyelifungua behewa hilo na kulifunga kwenye treni nyingine alikuwa Emile, rafiki wa Cyrille wa kazi moja. Alimtumia Cyrille salamu kupitia dereva wa treni: pampu ilikuwa nzuri, imepakwa rangi ya buluu, na yeye aliifungua kwa mikono yake kwa sababu karatasi ilisema hivyo.

Cyrille akavua suruali.

Sherehe ya kufungua robine ilifanyika mwezi wa nane, ingawa robine ilikuwa imefunguliwa tangu Februari. Komiseri wa serikali alikuja na wacheza ngoma wa Chama na utepe wa kijani. Alisema kwamba maji ya kitanda cha saba ni matunda ya juhudi za wananchi. Cyrille alisikiliza akiwa amelala, kwa kuwa alikatazwa kusimama hata kwa wimbo wa taifa, utepe usije ukakatwa juu ya robine kavu. Kisha Alphonsine aliombwa atoe shukrani. Alimshukuru Mungu, akanyamaza. Alipoambiwa aendelee, aliuliza mumewe atarudi lini nyumbani. Komiseri alisema swali ni zuri: siku pampu itakapofika. Watu wakapiga makofi.

Paroko naye aliandika taarifa kwa askofu. Jibu lilisema kwamba Kanisa halina haraka katika mambo ya namna hii, na kwamba wakati wa kungoja waamini wasiuze maji hayo. Katekista Anatole, aliyeleta barua, alikaa kitandani kwa Cyrille akaisoma mara mbili.

"Mimi niliomba kuishi," Cyrille alimwambia. "Sikuomba kulala."

Anatole aliikunja barua. Alisema tu kwamba Lazaro pia alitolewa kaburini, na Injili haielezi kama alirudishiwa kazi yake.

Kazi ya Cyrille alikuwa amepewa mwingine. Stesheni ilimwandikia kwamba mtu hawezi kufunga mabehewa akiwa kitandani, jambo ambalo hakulipinga. Alphonsine akalima zaidi. Alipanda mihogo upande wa mto Lukuga na alikausha ndakala, samaki wadogo wa ziwa, kwenye mchanga, na kila adhuhuri alipanda kilima cha hospitali na sahani iliyofunikwa. Ziko siku alizopanda akiwa na hasira kwa Mungu, na alimwambia hivyo, kwa maneno machache kama kawaida yake. Alimwambia kwamba yeye anajua kutoa lakini hajui kumalizia. Kisha alifunua sahani, mumewe akala, naye akamtazama akitafuna. Mwaka ule vifo vilihesabiwa kwa mamia kwenye ufuko. Wajane wa stesheni hawakuwa na mtu wa kumpandishia sahani. Hilo alilikumbuka wakati wa kushuka, na ghadhabu ilikuwa imepoa alipofika bondeni.

Maisha yalijipanga kuzunguka kitanda. Jumapili Cyrille alipewa saa mbili za kwenda misani, na Jumamosi mji mzima ulijaza mapipa. Padri alijifunza kuhubiri kwa ufupi, kwa sababu baada ya komunyo watu walianza kumtazama Cyrille na kutazama mlango. Alhamisi alasiri wauguzi walifunga chumba kwa saa moja bila kueleza, na mwaka wa 1981 Alphonsine alijifungua mtoto wa kike hatua kumi na tatu kutoka kitanda cha baba yake. Alibatizwa Monique na kuandikwa jina jingine. Denise aliposwa na kuolewa hapo chumbani. Wagonjwa walivaa mashati, na bwana harusi aliinama ili baba mkwe ambariki bila kuinua mabega.

Monique alipoanza shule, mwalimu aliwauliza watoto kazi za wazazi wao. Alijibu kwamba baba yake analala. Mwalimu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amechota bido mbili, alimwandikia: mtumishi wa maji.

Mwaka wa 1988 maji yalianza kupungua. Cyrille alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mgongo ulimuuma kwa kulala, na kufikia saa tisa robine ilitoa uzi mwembamba tu. Ziwa lilikuwa palepale. Mkuu wa maji, ambaye sasa alikuwa mwingine, alifika na kopo la kupimia, akapima mara tatu, akarudi birohini, ofisini kwake. Watu walitumaini kwamba ataagiza pampu. Aliiandikia hospitali barua, akaeleza kwamba chanzo kimezeeka, na akashauri kitafutwe cha pili miongoni mwa wagonjwa wapya.

Juma lililofuata karatasi ya kupokea wagonjwa iliongezwa mstari mmoja, chini ya umri na kabila: je, mke wa mgonjwa anasali?

Alphonsine alikuwa akipita na sahani yake adhuhuri moja ya mwezi wa pili alipomkuta kwenye meza ya mapokezi mwanamke aitwaye Adrienne, mke wa mvuvi. Kipindupindu kilikuwa kimerudi, na hakuna aliyeshangaa. Mume wake alikuwa amelala sakafuni kwenye mkeka, midomo imepasuka. Muuguzi, kalamu mkononi, alimuuliza Adrienne swali la mwisho, lile la kusali, kisha akainamia droo kutafuta muhuri.

Adrienne hakujua jibu lililotakiwa. Aliogopa kwamba likikosewa mumewe hatapewa kitanda. Alimtazama Alphonsine, ambaye kila mtu mjini alimjua.

Alphonsine alimwangalia mvuvi yule. Alikuwa kijana, na mikono yake ilikuwa bado na alama za kamba za nyavu. Akaiweka sahani kwenye benchi, akamsogelea mwanamke hadi sikioni.

"Kwa karatasi useme hapana," alimwambia. "Kisha twende tusali."

Muuguzi aliinua kichwa. Adrienne akasema hapana. Muuguzi akaandika hapana, akagonga muhuri, akaelekeza kitanda cha kumi na moja. Wanawake wawili walimbeba mgonjwa, mmoja kichwani na mwingine miguuni, wakamlaza, wakapiga magoti kwenye saruji, na wakaomba kwa sauti ya chini sana, ili isisikike hadi mezani.