Ng'ombe wa Shangazi

Kila asubuhi mpimaji wa maabara alisogeza benchi ukutani ili wanyama wapate pa kusimama. Mgonjwa mwenye minyoo ya ini alifuatwa na mnyama aliyeieneza: ng'ombe kwa waliokula mboga mbichi za mtoni, paka kwa waliokula samaki wasioiva. Hakuna aliyeshangaa. Mfagiaji alilalamikia kinyesi tu.

Hata hivyo mnyama hakuhesabika kuwa kipimo, kwa hiyo mpimaji alitafuta yai kwenye hadubini. La mnyoo wa ng'ombe ni kubwa, la manjano. La yule wa paka ni dogo sana.

Siku hiyo aliingia shangazi yake, aliyemlea. Ng'ombe mwekundu alikuwa amemwegemezea kidevu begani.

"Huyu haniachi hata nikilala," shangazi alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa hivi hivi, ila yeye alikoroma."

Yai lilikuwa kubwa. Mpimaji akaenda kwa daktari mkuu.

"Ni wa ng'ombe."

"Dawa yake hatuna. Nilisahau kuagiza, na ukiandika ng'ombe, wakuu wangu wataniuliza. Ya paka imejaa stoo. Andika paka."

"Haitamtibu, daktari. Ni shangazi yangu."

"Na wale wa wiki iliyopita walikuwa shangazi za nani?"

Wale wote mpimaji aliwaandikia paka, na usiku akalala vizuri. Sasa uso ulimwaka, na kilichomchoma zaidi ni kwamba aibu yenyewe ilikuwa imengoja hadi aje jamaa yake.

Alirudi mezani, akaandika paka. Ng'ombe alinyoosha shingo, akaitazama karatasi, akaendelea kucheua.

"Nitapona, mwanangu?"

"Meza dawa hizi zote, shangazi. Usiruke hata moja."

"Nikiwa na wewe hapa, nina wasiwasi gani?" Akambusu kichwani mbele ya watu, akatoka na vidonge vyake. Macho yake yalikuwa ya njano. Mlangoni ng'ombe alimpisha kwanza, kisha akamfuata.

Aliyefuata alikuwa fundi cherehani, naye alifuatwa na ng'ombe.

"Kaa," mpimaji alisema bila kumtazama usoni. Akachukua kalamu, akaandika paka, ndipo akainamia hadubini.