Jaketi la Mietje

"Nani ameshona hapa?" aliuliza Judik Wijnschenk, kidole chake kikiwa juu ya nyota.

Naatje Sluijzer aliinua mkono bila kusita. Swali hilo alikuwa akilisubiri tangu asubuhi, na hata jibu alishaliandaa, jibu la kujishusha kwa uongo, kwamba si kitu, ni mazoea ya mikono tu.

"Ni mimi," alisema. "Hata hapaonekani, eti?"

"Hapaonekani," Judik alikubali. "Lifumue."

Bwana Hoogland, msimamizi wa maonyesho, aliyekuwa akibandika namba kwenye kabati la vioo, aliacha kazi yake na kugeuka. Juu ya meza ya chumba cha nyuma, kwenye karatasi nyeupe laini, jaketi la kijivu la kike lilikuwa limelazwa chali. Kifuani, upande wa kushoto, palikuwa na nyota ya kitambaa cha njano yenye neno Myahudi katikati, nzima kabisa, haina kovu. Keshokutwa, Jumapili, jaketi hilo lingewekwa katikati ya ukumbi mkubwa wa jumba la kumbukumbu. Picha yake ilikuwa tayari imebandikwa kwenye vituo vya tramu, Amsterdam nzima.

Naatje alihisi uso ukimwaka. Maisha yake yote ya kazi alishona makoti ya mvua kwenye karakana ya watu, makoti yaliyoondoka na wenye nayo bila kumjua aliyeyashona. Alipostaafu akaanza kuja hapa kila Jumanne, na wiki hii hata Ijumaa, kwa kujitolea, kushona mifuko ya pamba ya kuhifadhia vitu vya watu: kijiko kilichochongwa kambini kwa kipande cha bati, kiatu cha mtoto kisicho na mwenzake, vitambulisho vilivyopigwa mhuri wa herufi J, alama ya Uyahudi. Wengine walinong'ona mbele ya vitu hivyo. Naatje aliongea navyo kwa sauti, na mara nyingine aliwatukana Manazi kwa maneno ya sokoni ambayo Bwana Hoogland alijifanya hayasikii.

Jaketi hili lilipoletwa lilikuwa limechanika. Mchaniko ulianzia kwenye kola, ukashuka kifuani, ukaigawa nyota vipande viwili. Naatje alipoutazama aliona mkono wa askari ukimkwida mwanamke barabarani. Aliambiwa ashonee kitambaa cha pamba kwa nyuma, cha kushikilia tu, basi. Yeye akachomoa nyuzi za kijivu kutoka kwenye pindo la ndani la jaketi lenyewe, na za njano kutoka kwenye upindo wa nyota, na Jumanne baada ya Jumanne akaufuma mchaniko uzi kwa uzi mpaka ukapotea. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Wao walichana, yeye atarudisha. Wasiwe wao wa mwisho kuligusa. Bwana Hoogland alipogundua nusura alie, akasema ni mwiko kubadilisha kitu cha kumbukumbu. Kisha mpiga picha akaja, akasifu jinsi nyota ilivyotokea, na Bwana Hoogland akanyamaza.

Na sasa huyu mwenye jaketi, aliyelileta siku ile ndani ya mfuko wa plastiki, akatia saini na kuondoka hata kahawa haijaletwa, amekuja kutoka Haarlem na fimbo yake kusema lifumuliwe.

"Nimepofuka macho juu ya jaketi la mama yako," Naatje alisema. "Mjerumani kachana, mimi nimeziba. Kosa langu nini?"

"Mjerumani hakulichana. Mama hakumpa nafasi hiyo."

Judik akavuta kiti, akaketi, akaiweka fimbo mapajani. Alisimulia akilitazama jaketi, hakuwatazama wao. Mama yake aliitwa Mietje. Babu yake, Levie, aliuza matango ya siki kwenye mkokoteni pale sokoni Waterlooplein, na alifariki kitandani kwake, kiangazi kile ambacho Manazi walikuwa wametoka kuwalazimisha Wayahudi washone nyota kifuani. Walimzika Diemen. Pale makaburini mzee wa mazishi alikuja na kisu kidogo, kama ilivyo ada, ili amkatie Mietje upindo wa nguo upande wa kushoto, naye amalizie kuchana kwa mkono wake mwenyewe. Mzee akaiona nyota iko papo hapo penye moyo. Akamwambia kwa sauti ya chini avue jaketi, achane blauzi, Mungu ataelewa. Kuharibu nyota ilikuwa kosa la kufungwa, na waliofungwa hawakuwa wakirudi.

"Mama akamwambia, baba yangu ni mmoja, na moyo wangu uko hapa, sijauhamisha. Akachana. Angeweza kuishia juu ya nyota. Akavuta mpaka chini."

"Kwa nini mtu achane nguo yake mwenyewe?" Naatje aliuliza.

Judik alimtazama kwa mara ya kwanza vizuri, kuanzia viatu hadi nywele.

"Kwani wewe mtoto wa nani?"

"Wa Barend Sluijzer. Msugua almasi."

"Wa chama cha wafanyakazi?"

"Wa chama, mpaka kwenye mifupa."

"Aa," Judik akasema, na kwa mara ya kwanza alitaka kucheka. "Basi."

Hakuhitaji kuongeza. Amsterdam yao ya zamani ilikuwa na Wayahudi wa namna mbili, wa sinagogi na wa chama, na watoto wa wasugua almasi walijua nyimbo zote za wafanyakazi na wala hawakujua sala hata moja. Baba yake Naatje alikula mkate na jibini barazani siku ya mfungo mkuu, makusudi, majirani wamwone. Sinagogi aliingia kwa ajili ya harusi za watu wengine, na hata huko alikaa karibu na mlango.

Judik akamweleza, safari hii bila ukali. Mtu akifiwa huchana nguo. Kwa ndugu, kwa mume, hata kwa mtoto, baada ya muda mchaniko hushonwa na maisha huendelea. Kwa mzazi hapana. Ukipita mwezi unaweza kuupiga bandi, mishono mirefu ya ovyo, ili nguo isikudondoke mwilini. Kuufuma ukapotea, kamwe. Unatembea nao mpaka nguo iishe au wewe uishe.

Mietje alirudi kutoka makaburini kwa miguu, nyota ikining'inia vipande viwili kifuani, binti yake Judik kamshika mkono. Polisi akawasimamisha darajani. Hakuwa Mjerumani, alikuwa kijana wa hapa hapa mjini. Akasema, mama, nyota yako imechanika.

"Mama akamjibu, 'Najua.' Basi. Hakuomba radhi, hakuongeza neno. Wakamlaza kituoni kwa ajili ya neno hilo moja. Walimrudisha kesho yake, sijui kwa nini, labda walikuwa na kazi nyingi, akaja kukaa matanga jaketi likiwa vile vile. Na siku waliponipeleka kufichwa shambani kwa watu, alilikunja akalitia kwenye furushi langu. Aliniambia lisishonwe. Yeye walimchukua, hakurudi. Nguo yake nyingine yoyote sina. Picha yake sina."

Bwana Hoogland alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya, na simulizi ile ilikuwa imemwingia, lakini alikuwa na Jumapili yake ya kufikiria, na vituo vya tramu. Alisema kwa upole kwamba kitambaa kimezeeka, kwamba kila sindano inayopita inakidhoofisha, kwamba haruhusiwi kuligusa tena. Wataandika kadi nzuri, aeleze Bi Judik mwenyewe kwa maneno yake. Tena kwa karatasi zilizotiwa saini, jaketi sasa ni mali ya jumba.

"Kadi itasema lilichanwa," Judik akajibu, "na macho yataona limeshonwa. Watu huamini macho. Watasema maskini, yule mama, alivaa nyota yake akaenda kimya kimya."

Naatje hakungoja kusikia zaidi. Alichukua kahawa yake na kipande chake cha keki ya tangawizi akatoka uani, akaketi kwenye benchi karibu na baiskeli. Alikuwa na hasira, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani. Ile ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kuzifanya. Ingewekwa ndani ya kioo, na kwa mara ya kwanza angeweza kumleta jirani akamwambia, tazama, mkono wangu huu. Kumbe amewafanyia Manazi kazi yao. Yule polisi wa darajani alitaka nyota ishonwe, na baada ya miaka yote hiyo amejitokeza mshonaji wa kumtii.

Keki aliiacha bila kuimega. Akamfikiria baba yake, na mama yake, waliochukuliwa pamoja siku moja, yeye akiwa amefichwa Limburg kwa mwoka mikate aliyemwita mpwa wake na kumfundisha ishara ya msalaba. Baada ya vita ilikuja karatasi yenye majina yao na jina la mahali walipouawa. Kaburi hakuna, mazishi hakuna, matanga hakuna. Aliikunja ile karatasi akaiweka kabatini, na Jumatatu akaenda kushona makoti ya mvua. Watu walimpa pole. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na jambo la kufanya kwa mikono.

Aliporudi ndani wale wawili walikuwa bado wanabishana. Naatje alisogeza kiti chake cha kazi mezani, akafungua kopo lake la sindano, akatoa wembe.

"Bi Sluijzer," Bwana Hoogland alisema, "nakuomba. Nimekwisha sema jaketi haliguswi."

"Jaketi siligusi. Nagusa mshono. Jaketi ni la jumba, sawa, lakini mshono huu haumo kwenye karatasi zenu. Ni wangu. Nauchukua, naenda nao nyumbani."

"Na picha? Mabango yako mji mzima."

"Nzuri. Waje na bango mkononi, walinganishe."

Bwana Hoogland alimtazama Naatje, akamtazama Judik, akalitazama jaketi. Kisha akaenda kwenye kona, akaivuta taa ya kazi yenye shingo ndefu, akaiinamisha juu ya meza upande wa kushoto, mahali ambapo mkono wa Naatje haungeleta kivuli.

Kufumua kulikuwa kugumu kuliko kushona, kwa sababu aliyeshona alikuwa amekusudia pasifumuliwe. Naatje alimlaani mara mbili tatu, huyo fundi. Alinyanyua uzi kwa ncha ya sindano, akaukata, akauvuta, akauweka kwenye kisahani, akaenda kwa unaofuata. Nyota ikaanza kufunguka kutoka juu. Judik alikaa kando yake, mkono wake kwenye pindo la jaketi la mama yake kana kwamba anamshika mgonjwa.

Walipofika katikati ya neno Myahudi, Naatje aliuliza bila kuinua macho.

"Hiyo ada yenu. Ina mwisho? Mtu akichelewa?"

"Kwa wengine, mwezi ukipita imepita. Kwa baba na mama haipiti. Siku yoyote."

"Hata akiwa baba aliyekula jibini siku ya mfungo?"

"Hao hasa."

Naatje aliendelea kufumua. "Na kama waliondoka pamoja? Unachana mara mbili?"

"Wakiondoka pamoja, mmoja unawatosha."

Uzi wa mwisho ulitoka. Jaketi likalala wazi kama Mietje alivyoliacha, na Judik akapumua kwa nguvu, akaitikia kwa kichwa mara moja, akafuta macho kwa kiganja. Naatje alimimina nyuzi za kwenye kisahani ndani ya kopo la sindano, akafunga kifuniko. Kisha akageuka kwenye kiti chake. Alikuwa amevaa jaketi jipya la bluu, alilolinunua kwa ajili ya Jumapili na kushindwa kulisubirisha. Akamkabidhi Judik wembe, akainua kidevu.

"Anza wewe. Sala sisemi, baba angenicheka."

"Acha acheke," Judik alisema. "Nitasema mimi, kimoyomoyo."

Wembe ulipita kwenye ukingo wa kola, kidogo tu. Naatje alishika pande zote mbili. Vidole vyake vilikuwa vimeishi maisha yao yote vikiunganisha, na kwa kitambo vilikataa. Kisha akavuta. Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia, na Bwana Hoogland, aliyekuwa ameinama akiandika upya kadi ya maonyesho, alisimama wima akavua miwani. Naatje alivuta mpaka chini. Alilia, hakujificha, na alipomaliza aliomba ile keki yake ya tangawizi akaila yote.

Jioni, tramu ilikuwa imejaa watu watokao kazini. Katika vita vile watu wake walikatazwa kupanda tramu, na tangu irudi ruhusa Naatje alikuwa hapendi kusimama. Aliketi dirishani, kama kawaida yake. Judik alikuwa amemkopesha skafu ya kufunika kifua kwa ajili ya upepo, lakini mchaniko ulichomoza chini yake. Mwanamke mwenye kikapu cha mboga aliyeketi mbele yake alimtazama, akatazama pembeni, akashindwa kuvumilia, akainama kwa huruma.

"Bibi, samahani. Jaketi lako limechanika."

"Najua," Naatje alisema.

Akavua skafu, akaikunja taratibu, akaitia kwenye mkoba.